Leso ya Eldoret, Jina la Pwani

Mji wa Eldoret hauna bahari. Uko katika nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na msafiri atokaye Mombasa huenda kilomita zipatazo 800 kabla ya kuzifikia nyumba zake. Huko hapana mikoko wala majahazi. Kuna mahindi, ngano, ng'ombe wa maziwa, na baridi ya alfajiri inayomfanya mgeni wa Pwani kuulizia blanketi kabla hajaulizwa hali. Hata hivyo ni katika mji huo kilikojengwa, katikati ya miaka ya 1970, kiwanda ambacho leso, nguo ya mama zetu, ni miongoni mwa kazi zake.

Kiwanda hicho ni Rivatex. Kilijengwa kipokee pamba kwa mlango mmoja na kutoa kwa mlango wa pili nguo iliyokwisha kusokotwa, kufumwa, kupaushwa na kupigwa chapa. Soko la nchi lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba na nguo za nje zikamiminika, na viwanda vingi vya nguo vikaanguka. Hiki nacho kikaanguka, na mwaka 2000 milango yake ikafungwa. Mwaka 2007 kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi, na Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta akakizindua upya, kikiwa na mitambo mipya iliyopatikana kwa mkopo kutoka India.

Hayo ni mambo ya uchumi, na wenzetu wa kurasa za biashara wamekwisha kuyaandika. Ukurasa huu wa utamaduni una swali lake. Nguo ya Pwani inapofanywa bara, au India, au China, ni nani anayejua maana ya alama zilizo juu yake? Na siku mzee anayezijua atakapoondoka duniani, alama hizo zitakuwa za nani?

Tunasema mapema tunachokiamini. Nguo haipotezi asili yake kwa sababu imefumwa mbali. Huipoteza pale wenyewe wanapolisahau jina la alama yake. Uzi unaweza kununuliwa popote, na mtambo unaweza kuwekwa popote, lakini jina halina pengine pa kukaa isipokuwa katika vinywa vya watu na katika maandishi yao.

NGUO NA MIJI

Tangu zamani nguo zimekwenda duniani kwa majina. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta hapo nguo zilizoitwa kwa jina la mji huo, ambazo yeye mwenyewe alizisifu kuwa hazina mfano, na zilizokuwa zikipelekwa mpaka Misri. Miaka mia mbili na zaidi baadaye, Wareno waliopita katika visiwa vya Lamu walizitaja nguo za hariri za Pate, nazo zilijulikana kwa jina la mji wao. Kule Kilwa, Manda na Shanga, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, ambavyo vilitumika kusokotea nyuzi. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba watu wa Pwani walikuwa wanunuzi tu wa nguo za wengine. Walisokota, wakafuma, wakauza.

Mambo yalianza kubadilika sana katika karne ya 19. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na kitambaa kigumu cha pamba kutoka viwanda vya huko kikaenea Unguja, Mombasa mpaka bara. Tazama wazee wetu walivyofanya: hawakukiita kwa jina la kiwanda wala la mwenye meli. Walikiita merikani, na merikani kikawa neno la Kiswahili. Wafumi wa mkono wakapungua katika miji mingi. Waliobakia na sifa kubwa ni wa Mogadishu na Barawa, waliokuwa wakiketi kwenye mashimo yaliyochimbwa chini ya vitanda vyao vya kufumia, wakifuma nguo za mistari ambazo jamaa zao walizivaa kusini mpaka Lamu na Mombasa.

LUGHA YA UKINGONI

Msomaji akitaka kuelewa alama za nguo ya kufumwa, achukue kikoi akitandaze. Katikati kwa kawaida pametulia: ni peupe, au pana rangi moja. Habari yote iko ukingoni, katika mistari. Mistari hiyo haikuongezwa baadaye. Mfumi huihesabu anapotanda nyuzi zake, kabla mshindio wa kwanza haujapita: nyekundu kadhaa, nyeusi kadhaa, njano moja kati yake. Akikosea hesabu pale mwanzo, kosa litakwenda mpaka mwisho wa nguo. Ndiyo maana alama ya nguo ya kufumwa haiwezi kutenganishwa na nguo yenyewe. Kwa nguo ya kupigwa chapa ni kinyume chake: kitambaa hufumwa cheupe, na alama huja mwisho. Mtu asiyeijua maana yake anaweza kuibadilisha kwa siku moja.

Watu wa zamani waliisoma mistari kama tunavyosoma gazeti. Richard Burton, aliyeanza safari yake ya bara mwaka 1857, aliandika orodha ndefu ya nguo zilizouzwa katika njia za misafara. Debwani ilitoka Maskati, nayo ilikuwa ya miraba midogo ya buluu na nyeupe pamoja na mstari mwekundu. Barsati ilikuwa ya buluu yenye mstari mpana mwekundu. Machoni pa mgeni zote zilikuwa nguo za buluu na nyekundu, basi. Kwa mfanyabiashara zilikuwa nguo mbalimbali, zenye bei mbalimbali na wavaaji mbalimbali.

Ukingo huo tuliuita taraza, neno ambalo siku hizi vijana wengi hawalijui. Ni ndugu wa neno la Kiarabu tiraz. Katika enzi za Bani Abbas, na za Fatimiya wa Misri, tiraz ilikuwa utepe wa maandishi uliofumwa au kutariziwa kwenye nguo za heshima. Mara nyingi iliandikwa jina la khalifa, mji ilipofanywa nguo hiyo, na mwaka wake. Aliyeipokea nguo alijua imetoka kwa nani, wapi na lini. Kiswa cha Al-Kaaba nacho, mpaka leo, hufumwa kwa maneno yaliyomo ndani ya hariri yenyewe. Basi tunapoona leso ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina jina, tusidhani kwamba kuandika juu ya nguo ni mchezo wa wanawake wa mitaani. Ni desturi yenye nasaba ndefu katika ulimwengu wa Kiislamu, na mama zetu waliipa sauti yao wenyewe.

Wala si jambo jipya kwetu kwamba alama ya nguo ina nguvu. Waislamu wanaikumbuka habari ya Mtume Muhammad (S.A.W.) aliyesali katika shuka yenye mapambo, na mapambo yale yakamshughulisha, alipomaliza akaamuru ipelekwe kwa Abu Jahm, akaletewa ya Abu Jahm isiyo na mapambo. Kama alama zingekuwa kitu kisicho na uzito, habari hiyo isingepokewa na kuhifadhiwa.

KOROSHO NA MJI WA PAISLEY

Sasa tuitazame leso. Ilianza kujulikana mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Pwani walipounganisha vitambaa vya mkono ambavyo Wareno walikuwa wakiviita lenço, wakapata nguo moja pana. Ilipopendwa, wafanyabiashara wakaagiza iliyopigwa chapa nzima. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, liliipa leso alama ya Mali ya Abdulla, na mpaka leo hapana mama wa Mombasa asiyeijua alama hiyo. Chapa zilipigwa India, zikapigwa Uingereza na Uholanzi, kisha Japani; baada ya uhuru zikapigwa hapa kwetu Kenya, na Tanzania katika viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968. Katika safari yote hiyo leso haikuacha kuwa ya Kiswahili. Kwa nini? Kwa sababu aliyechagua jina, aliyesema pindo hili linafaa arusi na hili halifai, alikuwa mtu wa hapa.

Chukua alama moja tu, ile ya korosho, iliyopinda ncha kama tone la maji. Hapana alama iliyotapakaa katika leso kuliko hiyo. Si yetu kwa kuzaliwa. Iran wanayo na wana jina lake. Kashmir waliifuma katika shali za sufu kwa muda mrefu, na huko India wapo waionayo kuwa ni embe. Shali hizo zilipofika Ulaya zikapendwa na matajiri, na katika karne ya 19 wafumi wa mji mmoja wa Scotland uitwao Paisley wakaziiga kwa mitambo, wakaziuza kwa bei ya chini. Matokeo yake nini? Leo Ulaya na Marekani alama hiyo inaitwa paisley. Mji ulioiga ndio uliobaki na jina. Mfumi wa Kashmir, aliyekaa miezi na miezi juu ya shali moja, hatajwi.

Sisi tulifanya vingine. Tuliipokea alama ya mbali, tukaitazama, tukaona inafanana na tunda la shambani kwetu, tukaiita korosho. Na mkorosho wenyewe ulikuja na Wareno kutoka Brazil! Mti wa kigeni na alama ya kigeni vilikutana katika Kiswahili, na hapana leo awezaye kumwambia mama wa Mji wa Kale kwamba korosho si yake. Huo ndio uwezo wa jina. Aliyekipa kitu jina na akadumu kulitumia, amekwisha kukimiliki. Aliyenyamaza atakuta kimepewa jina na mwingine.

Wala hili si jambo la karne zilizopita tu. Mwaka 2007 Wakenya walishtuka kusikia kwamba huko Uingereza kampuni moja imeomba kulisajili neno kikoy liwe alama yake ya biashara. Maana yake ni kwamba mfumi au mwuzaji wa Kenya angeweza kuzuiwa kuiuza huko nguo ya babu zake kwa jina alilolirithi. Watu walipinga, marafiki wa biashara ya haki wakasaidia, na ombi hilo halikufanikiwa. Tulishangilia. Lakini baada ya kushangilia, ni wangapi walioketi kuandika majina ya mistari ya kikoi, mstari kwa mstari?

ALICHO NACHO MWENYEJI WA ELDORET

Turudi Eldoret. Wapo wa Pwani wasemao kwamba watu wa bara hawawezi kuijua leso, basi kiwanda cha huko hakitufai. Maneno hayo si ya haki, na historia inayakanusha. Kweli, wenyeji wa nyanda zile hawakuwa na desturi ya kufuma pamba. Walivaa ngozi zilizolainishwa na kupambwa kwa shanga. Viwanda vya sufu, na kisha vya pamba, vililetwa baadaye, hasa baada ya reli kufika Eldoret mwaka 1924. Lakini lugha ya alama waliijua siku zote.

Mwanamke wa Kikalenjin alikuwa na mkanda uitwao leketyo, wa ngozi iliyopambwa kwa shanga na kauri, aliofungwa alipokuwa mja mzito. Mkanda huo si pambo tu. Ni alama ya uzazi na ya heshima ya mama. Na kauri zile zilitoka wapi? Zilitoka baharini, zikapandishwa na misafara mkono kwa mkono, na huko juu zikapewa maana mpya, kama sisi tulivyoipa maana mpya korosho.

Sisi nasi tulikuwa na mkaja, nguo ya kumfunga mama tumboni baada ya kujifungua. Mkaja uliingia katika ndoa: bwana arusi alimpa mama wa bibi arusi mkaja, kwa kukumbuka uzazi, akatoa ubeleko, kwa kukumbuka mgongo uliombeba mtoto, akampa baba kilemba. Kila nguo ilisema neno lake. Siku hizi mara nyingi vyote vitatu ni fedha ndani ya bahasha. Majina yamebaki, nguo zimeondoka, na kijana anayetoa mkaja hajui kwamba ametoa nguo. Tusiwalaumu vijana kwa hilo, maana hawakuambiwa. Lakini tulione kuwa ni onyo. Kwa mkaja ilitangulia kuondoka nguo, likabaki jina. Kwa kikoi na leso huenda ikawa kinyume: nguo itabaki dukani, jina litaondoka. Na hilo la pili ni baya zaidi, kwa kuwa nguo iliyo dukani inatudanganya kwamba hapana kilichopotea.

Kwa hiyo mwanamke wa Eldoret anayejifunga leso arusini, au anayembeba mtoto nayo, si mwizi wa utamaduni wetu. Ni mwenzetu. Mchora chapa wa Eldoret naye si adui. Tatizo ni kwamba hatujampelekea kitu cha kufuata. Tunalalamika maua hayana mpango na mapindo hayalingani, ilhali daftari la mapindo hatuna.

YANAYOTUPASA

Hatuandiki haya ili tulie tu. Yapo mambo yanayowezekana, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kuandika. Bunge la Kenya lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda ujuzi wa jadi na sanaa za utamaduni, na sheria hiyo inazipa kaunti kazi ya kuweka daftari la mambo hayo. Basi Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu ziulizwe na wananchi wake: katika daftari lenu yamo mapindo ya leso? Imo mistari ya kikoi? Kila alama iandikwe jina lake, mji ambako jina hilo linatumika, nguo inayobeba alama hiyo, na shughuli inayofaa. Pale Lamu wanapoita hivi na Mombasa wanaita vile, majina yote mawili yaandikwe. Wala tusibuni maana kwa kupendeza watalii. Pambo ambalo wazee walilipenda kwa uzuri wake tu liandikwe kuwa ni pambo.

La pili ni la Eldoret. Mji ule una kiwanda, na una chuo kikuu kinachofundisha uhandisi wa nguo. Wanafunzi wake wangeweza kushuka Pwani, wakakaa na mama wauzao leso, na wafumi na wauzaji wa vikoi, wakajifunza kwa nini kisutu cha arusi ni chekundu, cheusi na cheupe na hakibadilishwi ovyo. Kisha kiwanda kiweke kwenye ukingo wa kila doti, kwa herufi ndogo, jina la alama, mji na mwaka. Hiyo ndiyo tiraz. Iliwezekana Misri miaka elfu iliyopita, na nyuzi zikipitishwa kwa mkono. Mitambo ya leo haitashindwa.

La tatu ni la nyumbani. Hatumwambii mama mwenye shilingi chache kwamba asinunue leso ya bei nafuu iliyotoka nje. Riziki ni riziki, na stara ni wajibu. Tunachomwomba hakina bei. Anapoikunja leso yake mbele ya binti yake, amwambie: hili ni pindo, huu ni mji, hii ni korosho, hiki ni kisutu, na hiki huvaliwa siku fulani kwa sababu fulani. Baba anapofunga kikoi kwenda msikitini Ijumaa, amwonyeshe mwanawe mistari yake na amwambie babu yake alikiitaje. Hiyo ni shule isiyotoza karo, na ndiyo iliyoyabeba majina haya kutoka karne hadi karne kabla ya kuwapo daftari lolote.

Wafumi wa Mogadishu na Pate hatuwajui hata mmoja kwa jina lake, ila miji yao tunaijua kwa nguo zao. Eldoret ina nafasi ya kuingia katika safu hiyo, kama itafuma na kupiga chapa huku ikijua inachokibeba. Lakini ujuzi huo hautapanda mlima wenyewe. Sisi wa Pwani ndio wa kuupeleka, na wakati wa kuupeleka ni sasa, wakati bado wapo wa kuulizwa.